Kitambaa cha Ruphin

Ruphin wa Berea, mtaa wa Johannesburg, alikuwa na mkono wa kukamua, na mwenyewe alilijua hilo. Alifundishwa na mama yake kwao Masisi, Kongo: maji ya moto, kitambaa cha kitenge, mpanguse ng'ombe kiwele taratibu mpaka ateremshe maziwa kwa hiari yake. Kipande cha kitenge cha marehemu mama huyo alikuja nacho mpaka Johannesburg, na kila asubuhi, shambani kusini ya jiji, kilipita viwele vya ng'ombe wa Mzee Yasini mmoja baada ya mwingine. Usafi wake ulisifiwa hadi Fordsburg, maziwa yalikouzwa.

Baridi ya mwaka 2017, ugonjwa wa kiwele ukaingia. Viwele vilivimba, maziwa yakatoka na mabonge, na kati ya ng'ombe kumi na wawili wakaugua kumi na mmoja. Mzee Yasini, mtu wa Tanga mwenye hasira za karibu, akamtwika lawama Duni, mwanamke aliyesafisha banda: sakafu mbichi, samadi kila mahali. Akampa mpaka Ijumaa afungashe virago.

Duni hakuwa mvivu hata kidogo. Ruphin alilijua hilo, akawa anajiuliza: mbona Mkorofi, yule wa kumi na mbili, analala sakafu hiyohiyo na ni mzima wa afya? Alhamisi, akimkamua, akapata jibu. Mkorofi alikirushia kitambaa mateke tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hakuwahi kupanguswa nacho.

Angeweza kunyamaza. Wengi tungenyamaza, tena tukalala usingizi. Ruphin alikwenda kwa mzee, kofia mkononi.

"Mzee, haiko Duni. Ni miye nilikuwa nabeba ugonjwa na hiki kitambaa. Natoka kwa mgonjwa, napanguza mzima."

Mzee Yasini aliweka chini kikombe chake cha chai. Kisha akasema Duni abaki, tena akamue yeye. Ruphin ashike koleo la samadi.

Akalishika bila kununa. Mkewe Angélique, fundi cherehani mwenye kazi yake mtaa wa Troyeville, alimkatia mabaki ya nguo vipande kumi na viwili, kila ng'ombe na chake, na Ruphin mwenyewe akamwelekeza Duni aanze na wazima, wagonjwa wawe wa mwisho. Kitenge cha mama alikitia motoni, chini ya sufuria ya maji ya kuoshea viwele. Alisimama pale mpaka kikaisha chote, ndipo akaenda kufagia banda.