Kibao cha Njiani na Sahani ya Khalati

Ni mimi niliyeandika maneno ya kile kibao. Miaka miwili nimekana, nikisema ni kazi ya mtu wa baladia, yaani manispaa yetu, bwana mmoja nisiyemjua, na kila nilipomtukana bwana huyo nilikuwa najitukana mwenyewe.

Kibao kiko kando ya barabara, ukitoka Ibra mjini, huku Omani, kuja mtaani kwetu. Kinasema kwamba hapa, palipokuwa changarawe tupu na migunga, ndipo walipojenga watu wa mwanzo waliorudi kutoka Unguja, na kwamba nyumba ya kwanza ilikuwa ile ya mlango wa kijani. Hiyo ni nyumba yetu.

Baladia walinitaka mimi kwa kuwa nimesoma chuo kikuu. Utafiti wangu ulimalizika kabla mama hajamaliza kupepeta mchele wa mchana. Nilimuuliza nani alianza kuhamia hapa. "Sisi," akasema bila kuinua macho. "Nani mwengine?" Nikaandika.

Mkabala na sisi anakaa bibi ninayemwita khalati, yaani mama mdogo, tangu utoto, ingawa hatuna udugu wa damu. Yeye na mama walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila alasiri. Siku kibao kilipofunuliwa alikuwa hana miwani, akaniambia nimsomee. Nikasoma.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mtu wa baladia, khalati."

"Basi mwambie hao wa mlango wa kijani usiku wa mwanzo walilala ukumbini kwangu, na asubuhi wakanywa chai yangu."

Akenda zake, na kahawa ikakatika. Nilipomuuliza mama, alisema, "Kulala si kuhamia."

Ikabaki sahani. Khalati alikuwa ametuletea mkate wa kumimina, ule wa mchele, katika sahani yake ya buluu. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Na mama kuirudisha na kitu ndani ingekuwa kama kuomba radhi, jambo ambalo hajalizoea. Basi ikakaa juu ya friji. Kila alasiri mama alimimina vikombe viwili vya kahawa, kisha akanywa vyote peke yake, cha pili kwa hasira.

Mwezi uliopita nikamkuta anaipangusa vumbi ile sahani, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. Nikashindwa.

"Mama, kibao niliandika mimi."

"Najua. Mtu wa baladia gani ajue mlango wetu ulikuwa wa kijani? Tuliupaka kahawia wewe uko chuoni."

Nikampigia khalati simu palepale, nikaweka sauti wazi ili mama asikie.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba."

"Kile kibao niliandika mimi. Nitaomba wakibadilishe."

"Unadhani sikujua? Ulinisomea huku unanitazama mimi. Kibao hata hukukiangalia."

"Sasa mbona ulinyamaza miaka yote hii?"

"Nilikuwa namngoja mama yako aseme alilala kwangu."

Mama akainama juu ya simu. "Nililala kwako. Na godoro lako lilikuwa gumu kama jiwe!"

Upande wa pili kikapasuka kicheko, kikaishia kwenye kikohozi. "Kibao kiacheni," khalati akasema. "Magari yanapita mbio, nani atasoma? Mimi nataka sahani yangu."

Mama akaninyang'anya simu.

"Ngoja kesho, shoga," akasema. "Mchele ndiyo kwanza naloweka."