Do ya Mama

Mama yangu alifundisha nyimbo bila maneno. Ndivyo kwaya zetu za Kilutheri zilivyofundishwa tangu wazee wetu wakiwa bado Bukoba, na alipohamia Mwanza na baba alikuja na utaratibu huo pamoja na masufuria yake. Kwanza do, re, mi. Kila sauti peke yake: soprano, alto, tena, besi. Wimbo mzima uliimbwa kwa nota tupu mpaka ukae kichwani, na mtu akithubutu kuchomeka neno kabla ya wakati, hata neno "Bwana", alisimamishwa papo hapo.

"Waitu, jamani, maneno yatakuja," alisema kwa Kihaya chake kilichochanganyika na Kiswahili. "Maneno hayana haraka."

Kinanda hakuwahi kukihitaji. Alifumba macho, akavuta pumzi kwa pua, akatoa do. Do yake ilikuwa chini kidogo ya ile ya kitabu, kwa sababu hakupenda kusikia wanawake watu wazima wakipiga kelele kwenye nota za juu. Kanisa liliponunua kinanda cha umeme alikivumilia kama mgeni asiyejua kuaga. Umeme ulipokatika katikati ya ibada, sisi wanawe tulimwona akitabasamu chinichini.

Nyumbani kwetu Nyegezi, wimbo wa familia huanzishwa na mtu wa familia. Iwe sala ya jioni, iwe safari, iwe kumuaga marehemu, hatumwachii mwalimu wa kwaya. Mtu mmoja wa nyumba hiyo anatoa do, wengine wanaipokea. Miaka yote mtu huyo alikuwa mama. Baada yake asingekuwa mimi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nina sauti ya kufukuza mbuzi na sikio la kawaida. Asingekuwa kaka yangu, mdogo wangu wa pekee, ambaye akiimba hata mbwa wa jirani anahama. Angekuwa binti wa kaka. Mama alilisema hilo waziwazi mtoto akiwa bado shule ya msingi: "Huyu ndiye atakayenitolea do siku yangu." Mtoto akacheka, akaitikia, "Ndiyo, bibi."

Binti huyo alifiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa na bibi yake. Alikuwa na sikio ambalo sijalikuta kwa mtu mwingine. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, mama akiwakaanga, binti huyu alikaa kibarazani na mgongo ameugeuzia jiko, akichora au akishona vifungo, na ghafla akasema, "Bibi, ipua." Alisikia senene wanapoacha kulia kwa maji na kuanza kulia kwa mafuta yao wenyewe. Mama aliipua bila kuangalia. Hawakuungua hata siku moja.

Wala si sikio tu. Alikuwa mtoto wa kila kitu. Alijua majina ya majani yote ya nyuma ya nyumba, aliwashinda wavulana kwenye mdahalo, alichora ramani ya Afrika kwa mkono mmoja huku akila karanga kwa mwingine. Ukimuuliza atakuwa nani alikujibu nesi, na wiki inayofuata mtangazaji, kisha fundi cherehani. Kaka alikereka. Mama alimwambia, "Mwache, bado anaimba nota." Sijasikia maelezo bora kuhusu elimu, na mimi nimekaa kwenye semina nyingi za elimu, nyingine bila hata chai.

Semina iliyotuharibia nyumba ilikuwa na chai, na vitafunwa pia. Kaka alialikwa na wenzake wa kazini kwenye hoteli moja ya ufukweni. Jukwaani alipanda kijana wa fulana nyeusi na viatu vyeupe, kipaza sauti kimemning'inia shavuni, akawaambia wazazi kwamba dunia ya zamani imekwisha. Mtoto asiyejua kuzungumza na mashine ataombaomba barabarani. Historia, muziki, kilimo cha shule, vyote ni mizigo ya kutua. Kaka alirudi na mfuko wa kitambaa, kalamu yenye nembo, na macho ya mtu aliyeokoka upya.

Shule ya binti nayo iliambukizwa. Ilikuwa shule ya kulipia, na mwenye shule alijua wazazi wanataka nini. Kwaya ikafutwa, ushonaji ukafutwa, bustani ikamwagiwa zege ili wageni wapate pa kuegesha magari. Chumba cha kuimbia kikaitwa kituo cha ubunifu. Ndani yake waliweka roboti mmoja kwenye kabati la kioo, na kila siku ya wazazi tulipelekwa kumtazama. Niliwahi kuomba awashwe. Niliambiwa betri imeagizwa.

Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya kanisani, binti akaanza kupelekwa darasa la kompyuta. Sikuinyamazia hiyo.

"Kompyuta ajifunze," nilimwambia kaka, tukiwa sebuleni kwa mama. "Nani kakataa? Lakini ajifunze na vingine."

"Dada, kuimba kutamlisha?"

"Wewe unalishwa na nini? Si ulipata ile kazi kwa sababu mama alikufundisha kusimama mbele za watu bila kutetemeka?"

"Zamani hizo, dada. Sasa hivi ukishika vingi unaachwa. Shika kimoja, ukikamate barabara."

Mama alikuwa anachambua mchele wa Magu kwenye ungo. Aliendelea kuchambua. Binti alikuwa mlangoni na begi lake, anasubiri baba yake amalize kusema ili waondoke. Akamwambia bibi yake, "Nitakuja jioni tuimbe." Siku za mwanzo alikuja kweli.

Alipomaliza chuo, zile kazi za yule kijana wa fulana nyeusi hazikuonekana. Akakaa nyumbani, akituma maombi huku na kule, mpaka likatokea tangazo: kampuni inatafuta vijana wenye Kiswahili kizuri na usikivu mzuri, wa kufundisha akili mnemba. Sasa, ukoo wetu ni ukoo wa walimu. Babu alifundisha, baba alifundisha, mama alifundisha kwaya, mimi bado nina chaki kwenye mkoba. Kusikia kwamba binti yetu naye atafundisha, tena atafundisha kompyuta, tulivimba vichwa. Kaka alisimama kanisani akatoa shukrani, na usharika wote ukapiga makofi. Mama alimshika mkono akampa mausia ya mwalimu kwa mwalimu: "Ikikosea usiigombeze mbele ya wenzake." Tulicheka sana siku hiyo, na yeye alicheka kuliko sote.

Ofisi ilikuwa ghorofani, mjini. Alivaa spika za masikioni asubuhi akazivua jioni. Kuhusu kazi yenyewe hakusema; alikuwa amesaini kutosema. Sisi tuliona tu vilivyobadilika. Alianza kuomba redio izimwe. Kisha akawa anakuja Jumapili, anakaa kwenye mkeka pembeni ya bibi yake, na tukianza kuimba anainuka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Msimu wa senene ulipofika, mama aliwasha jiko akaweka sufuria kama kawaida na kusubiri. Binti alikuwa kibarazani. Senene walipoanza kulia alisimama, akatoka hadi barabarani. Wakaungua. Mama aliwala vilevile walivyoungua, mmoja mmoja, na mimi nikaenda jikoni kulia.

Binti mwenyewe aliniambia siku moja alasiri, tumekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, ziwa liko chini yetu limetulia. Nilimpelekea chai. Alisema, "Shikamoo, shangazi," ilhali tulikuwa tumesalimiana asubuhi, nikajua kuna kitu anatafutia mlango.

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Unajua ninachofundisha?"

Nikamwambia sijui.

"Wananitumia sauti za watu. Nasikiliza, naiambia mashine hili ni tusi, hiki ni kitisho, huyu anatania, huyu anapigwa kweli. Nyingine ni watoto. Nikikosea wananirudishia nisikilize tena." Alikunywa chai. "Walinipenda kwa sababu sikosei. Wenzangu zile ngumu zinawashinda, hawajui kama mtu anacheka au analia. Mimi najua. Kwa hiyo wananiletea mimi."

Nilitaka kumshika, akanisogezea kikombe. Nilitaka kwenda kuichoma ile ofisi moto, na siandiki hivyo kwa mbwembwe. Lile sikio tulilolilea kwa do na re na senene, watu walikuwa wamelipata likiwa tayari, wakalitwika vilio ambavyo wao wenyewe hawakutaka kuvisikia. Nikamsihi aache. Alisema baba yake ataona aibu kanisani. Kabla hajaamua, kampuni ikafunga ofisi. Mashine ilikuwa imeshajua vya kutosha. Yule kijana wa fulana nyeusi, nimemwona kwenye simu juzi, sasa anahubiri jambo jingine kabisa, na fulana ni ileile.

Tukadhani akipumzika atarudi kwenye nyimbo. Mama ndiye aliyemsubiri kuliko wote. Akiwa ameshaanza kuugua, alimwita kitandani, akamkumbusha: "Bado ni wewe. Si kinanda, si mwalimu wa kwaya." Binti akasema, "Ndiyo, bibi." Alisema kwa sauti ya chini mno, na mama akampapasa sikio, hivi, kwa kidole gumba, alivyozoea tangu akiwa mtoto.

Mama alifariki mvua za vuli zilipoanza. Ibada ya kumuaga tuliifanya uani, chini ya turubai, kabla ya kumsafirisha kwenda kuzikwa kwenye kibanja cha baba, shamba lake la migomba, Bukoba. Gari lilikuwa tayari nje. Kwaya ilisimama upande wa jikoni, wanawake wengi wao aliwafundisha yeye, nao sasa wana mvi. Mchungaji alimaliza, akatutazama sisi familia, akainamisha kichwa. Watu wote wakamgeukia binti. Kila mtu pale alijua ni zamu ya nani.

Binti alisimama karibu na jeneza. Akafumba macho. Akavuta pumzi kwa pua, sawasawa na bibi yake, mpaka nikasikia mwili wangu wote umejiandaa kuipokea ile nota. Akafungua mdomo. Hapakutoka kitu. Akavuta tena. Mwanamke mmoja kwenye kwaya akajifunika uso kwa khanga.

Kaka hakuweza kumtazama akihangaika vile. Alikuwa analia, na simlaumu, alitaka kumwokoa mwanawe kwa kitu cha kwanza kilichokuwa mkononi mwake. Akatoa simu, akabofya mahali palipochorwa kinanda kidogo, akaiinua juu. Simu ikatoa do. Kwaya ikaishika, kwa sababu kwaya hushika inachopewa, na wimbo ukaanza.

Nilimvuta binti akakaa pembeni yangu. Akaninong'oneza, "Shangazi, iko juu. Siyo ya bibi."

"Itoe ya bibi. Tutasimamisha, tuanze upya."

"Naisikia," alisema. "Naisikia kabisa. Haitoki."

Alikuwa sahihi kuhusu do. Tulipofika mstari unaopanda, wale wazee walishindwa, sauti zikawakatika mmoja baada ya mwingine, na mwishowe walibaki vijana wachache wakipiga kelele ambazo mama hakuzipenda. Kaka alikuwa bado ameinua simu. Wanaume walikuwa wameshainama kulinyanyua jeneza. Pembeni yangu binti alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, macho kwa bibi yake, na midomo yake ilikuwa inakwenda, nota kwa nota, bila maneno, bila sauti, mpaka gari likaondoka.