Mama Mkwe Alipokataa Nyumba ya Msonge

Mama mkwe wangu alikuwa na miaka sabini na kitu aliposema kwamba, kabla hajafa, angependa kuyaona makanisa ya Ethiopia yaliyochongwa kwenye mwamba. Alikuwa ameyaona kwenye kalenda ya kanisani kwake Magomeni. Alilisema jambo hilo siku ya Jumapili baada ya chakula, kwa sauti ya mtu anayesema angependa kipande kingine cha papai, halafu akaendelea kutoa vyombo mezani. Lakini mke wangu ni mwalimu wa historia. Nilimwona anaweka kijiko chini taratibu, na nikajua kwamba sisi tayari tumeshapanda ndege.

Tulikuwa na akiba ya kubadilisha gari. Gari likaambiwa lisubiri. Nilidhani kazi kubwa imekwisha, kumbe ilikuwa haijaanza, maana hatukuwa tumezungumzia pa kulala.

Suala la pa kulala lilipelekwa kwenye kundi la familia la kwenye simu, na humo likakuta watu wamejaa maarifa. Binamu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya Morogoro alituonya kuhusu mashuka ya nchi za milimani. Mwingine alituma picha ya hoteli nzuri sana yenye bwawa la kuogelea, tukaipenda wote kwa muda mrefu mpaka mtu alipogundua kwamba iko Zanzibar.

Aliyesema kwa mamlaka zaidi alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Kwa kuwa makontena ya kila nchi yanapita mikononi mwake, anaamini kwamba na nchi zenyewe zimepita. Hajawahi kupanda ndege.

"Shem, mimi nakwambia, Ethiopia naijua," alinipigia simu nikiwa dukani Kariakoo. "Chukueni hoteli ya nyota. Usiende kwa kubahatisha, utapigwa."

"Nyota ngapi?"

"Zozote. Ilimradi zionekane."

Mimi nauza mapazia, na kazi hiyo imeniharibu macho. Nikionyeshwa picha ya chumba cha hoteli siangalii kitanda wala bafu, naangalia dirisha. Niliona mapazia yasiyo na bitana, niliona lesi zilizokatwa fupi kama suruali ya mtoto anayekua, na kila nilichokikataa nilikikataa kwa sababu hiyo. Mke wangu aliniambia jioni moja, nyumbani kwetu Mchafukoge, kwamba nimekataa nusu ya nchi kwa sababu ya pindo.

Yeye alikuwa na neno lake: uhalisia. Alisema hawezi kwenda kwenye nchi yenye historia ya namna ile halafu alale kwenye chumba ambacho angeweza kukipata Posta. Akatafuta usiku na mchana mpaka akapata alichokitaka: nyumba ya msonge, ukuta wa mawe na udongo, paa la nyasi, kitanda cha miti na ngozi, juu ya kilima karibu na makanisa. Alitusomea maelezo yake kwa sauti, na macho yake yaling'aa alipofika kwenye sehemu isemayo kwamba hakuna umeme.

Siku ya kuamua tulikwenda Magomeni. Shemeji alikuwepo na nyota zake. Mke wangu akamwonyesha mama yake picha.

"Mama, wewe ndiye mwenye safari. Sema."

Mama aliitazama ile picha, akairudisha simu. "Nyie ndio mnajua," alisema.

Mtu yeyote aliyelelewa na mama wa Kiswahili anaelewa maana ya maneno hayo. Sisi, tukiwa watu wazima watatu, wawili kati yetu tukiwa na vyeti, tulielewa kwamba amekubali.

Kabla ya safari tulikwenda na mama sokoni Kariakoo kutafuta majaketi ya mitumba. Langu lilikuwa limeandikwa mgongoni maneno ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kutuambia ni ya wapi. Mama alipata koti refu la kijivu lililomfika kwenye vifundo vya miguu, na alipolivaa pale sokoni, kwenye joto lile, wauzaji walimwamkia.

Tulifika alasiri, baada ya ndege mbili. Milima ya kule haiji kwa utaratibu kama ya kwetu, mmoja hapa na mwingine kule. Imepangana, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka mtu anachoka kutazama. Tuliishiwa pumzi kwa kupanda ngazi chache tu. Mwenye nyumba alitupokea mlangoni, kijana mtanashati aliyejitanda shuka jeupe, ambaye alikuwa ameishi ughaibuni miaka mingi kabla ya kurudi kuwajengea wageni maisha ambayo wazazi wake walihangaika kuyakimbia. Alizungumza Kiingereza, na mke wangu akawa anamtafsiria mama.

"Anasema hapa hakuna umeme kwa makusudi."

"Kwa makusudi ya nani?" mama aliuliza.

"Ya kwao, mama. Wameamua."

"Kwetu unakatika bila kuamua."

"Anasema ni ili mgeni aishi kama walivyoishi watu wa zamani."

"Mimi ni mtu wa zamani," mama alisema. "Mwambie nilishaishi."

Hilo mke wangu hakulitafsiri. Mama aliinamisha kichwa, akachungulia ndani ya msonge, akaona kitanda cha miti na moshi uliokuwa ukizunguka chini ya paa. Kisha akarudi nyuma, akalisimamisha sanduku lake mlangoni na kulikalia.

Wakati huo walipita wageni wengine wa pale, mtu na mkewe, Wazungu wastaafu waliovalia kofia pana. Walimwona mama amekaa mlangoni na koti lake la kijivu, kanga kichwani, akitazama milima kwa huzuni. Wakatabasamu, wakainama kwa heshima na kumpiga picha.

"Wanataka nini hawa?" mama aliniuliza.

"Nadhani wanadhani wewe ni wa hapa, mama. Wa kwenye nyumba."

Mama akasimama, akanigeukia. "Baba, nipeleke hotelini."

"Mama," mke wangu alisema, "hoteli zipo hata Dar. Nyumba kama hii hutaipata popote."

"Nimezaliwa ndani yake. Masasi, mpaka naolewa. Mvua ikinyesha tunahamisha kitanda, ikizidi tunahamia kwa jirani. Leo nipande ndege mbili nikalale kwenye nyumba ya udongo?" Hakuwa amepandisha sauti. "Katika maisha yangu nimelala kwenye mabweni ya kanisa, nimelala kwa ndugu, nimelala misibani kwenye mikeka. Hotelini sijawahi kulala hata siku moja. Nilidhani safari hii ndiyo."

Yule kijana wa shuka jeupe aliomba atafsiriwe, na hakuna aliyemsaidia.

Nikabeba sanduku. Chini barabarani kulikuwa na bajaji, za buluu, na mama alifurahi kuziona kama mtu aliyekutana na majirani ugenini. Dereva alitupeleka mjini kwenye hoteli kubwa ya zamani yenye ghorofa, maua ya plastiki mapokezini na zulia jekundu lililochoka katikati. Haikuwa na uhalisia wowote. Nilipoingia chumbani nilikwenda moja kwa moja dirishani: mapazia mazito, bitana mbili, yamefika mpaka chini. Sikupata kasoro.

Mama alizunguka chumba akigusa vitu. Aligusa shuka, akagusa taa, akaizima na kuiwasha. Halafu akafungua mlango wa bafuni na kuliona sinki refu la kuogea, lile la kujilaza.

"Hili la nini?"

"La kuogea, mama. Unajaza maji ya moto, unalala ndani."

Alilitazama muda mrefu. "Baba, nenda kanisubiri chini."

Nilisubiri. Dada mmoja wa pale alinikaangia kahawa mbele yangu, akanipa na bisi, na nikanywa kikombe baada ya kikombe mpaka moyo ukaanza kwenda mbio. Mama aliposhuka alikuwa amevaa kitenge chake kipya, ngozi inang'aa, uso wa mtu aliyepewa majibu mazuri hospitali.

"Baba," aliniambia, "maji yamenifika shingoni."

Maneno hayo nimeyasikia maisha yangu yote kutoka kwa watu walioelemewa na shida. Yeye aliyasema akitabasamu.

Mimi nilirudi kilimani, kwa kuwa mke wangu alikuwa huko na hakuwa tayari kushindwa. Usiku ule tulilala na majaketi. Baridi ilipita ukutani bila kugonga, na kwenye ile ngozi ya kitanda kulikuwa na wenyeji wadogo sana, wenye asili kweli kweli, waliotuuma mpaka alfajiri.

"Hii ndiyo historia," mke wangu alisema gizani.

"Naisikia," nilimjibu. "Imefika mgongoni."

Asubuhi Wazungu wale walituambia kwamba wamelala vizuri ajabu. Walikuwa wakijikuna. Siku hiyo hiyo nilipata furaha ambayo sikuitegemea. Mwongozaji aliwaambia watalii kwa Kiingereza kwamba tutaonana saa mbili. Wale wastaafu wakarudi ndani kupumzika, wakijua ni mpaka mchana. Sisi tulitazama jua, tukachukua viatu, tukaondoka naye, kwa sababu watu wa kule wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Mke wangu, mwenye macho mekundu ya moshi, alitembea mbele kwa maringo kama aliyerithi mlima.

Mama alitukuta makanisani. Aliteremka kwenye bajaji ananukia sabuni, akamnusa binti yake.

Makanisa yale hayaonekani kwa mbali. Unatembea juu ya mwamba, halafu ardhi inakatika na kanisa liko chini yako, limesimama ndani ya shimo, na kila kitu chake, nguzo, madirisha, paa, ni jiwe moja lile lile. Tulishuka polepole, mama ameshika bega langu, magoti yake yanalalamika. Tulivua viatu. Ndani kulikuwa na giza la kijivu na harufu ya ubani na mazulia ya zamani, na kasisi mzee alitutolea msalaba wake tuutazame.

Mke wangu alikuwa akisoma kwenye simu, kwa kunong'ona, habari za karne na za wafalme. Mama alimshika mkono, ule wenye simu, akaushusha. Kisha akauchukua ule mwingine na kuuweka juu ya nguzo.

"Baba yako alijenga kanisa la kule kwetu," alisema. "Tulikuwa tunamchotea maji, yeye anapanga jiwe juu ya jiwe. Alikuwa anaota kwamba linaanguka. Mpaka anakufa alikuwa akiuliza kama limesimama." Alipapasa ile nguzo, juu, chini. "Hawa hawakupanga. Walitoa tu lisilotakiwa. Angeliona hili angelala usingizi."

Mke wangu alikaa na mkono wake pale kwenye nguzo, na nikaona mabega yake yanatikisika. Mama alimwacha alie. Mimi nilikwenda kumtazama kasisi, ambaye naye kwa adabu alikuwa akitazama kwingine.

Jioni ya siku iliyofuata mke wangu alisema anakwenda hotelini kumjulia hali mama. Alibeba taulo. Baadaye nilisimuliwa kwamba mama alifungua mlango, akaliona taulo, akamwambia, "Karibu. Usimalize maji ya moto."

Hakurudi kilimani. Tatizo ni kwamba hakuwa na uso wa kumwambia yule kijana wa shuka jeupe kwamba amehama, kwa hiyo mimi niliachwa kwenye msonge kama dhamana. Kila asubuhi kijana aliniuliza mwalimu yuko wapi.

"Anafanya utafiti," nilimjibu.

"Ni mtu makini sana," alisema.

"Sana," nikasema, nikijikuna.

Tuliporudi Dar, mke wangu aliwaonyesha walimu wenzake picha za nyumba ya msonge, na akawaeleza kuhusu ukimya wake na nyota za usiku. Hakusema uongo. Alisimulia siku ya kwanza tu. Shemeji alituuliza hoteli ilikuwa na nyota ngapi, na tulipomwambia zilionekana zote, anga zima, aliridhika kwamba ushauri wake umefuatwa.

Kisha wanawake wa kanisa walimwomba mama awasimulie safari kwenye ukumbi wao. Mke wangu alikaa nyuma pamoja nami, ameinama, maana sote wawili tulijua habari gani ingesimuliwa kwanza. Mama alisimama. Alieleza makanisa, moja baada ya jingine, nguzo, giza, ngazi zilizomtesa, msalaba wa yule kasisi, na ukumbi ule ulitulia kama watu wako ndani ya mwamba wenyewe. Alipomaliza, mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Na mlilala wapi?"

"Kwenye nyumba ya msonge," mama alisema. "Ya asili kabisa. Mwanangu ndiye aliyeichagua."

Wakampigia makofi mke wangu. Ikabidi asimame.

Tulipokuwa tunamrudisha mama nyumbani, mke wangu alimuuliza kwa nini amewaambia vile.

"Wale nawajua," mama alisema, akitazama nje ya dirisha la gari letu la zamani. "Ningewaambia habari ya sinki, nani angekumbuka makanisa?"

Kisha akatuomba tusimame kidogo pale sokoni Magomeni, anunue ndizi.