Nilimuita infirmier mwizi wa dawa ya tata yangu

Bakubwa wa humu, jambo yenu. Mi ni mama ya batoto babili, niko Dilala, Kolwezi. Ninaandika kweli tupu, hata pale inanichoma mi mwenyewe.

Tata yangu, baba aliyenizaa, alikamatwa na moyo asubuhi, anafunga viatu.

Ku hopitali docteur akasema moyo umeumia, hauna tena nguvu ya kusukuma damu. Akaiita choc. Tension, presha ya damu, ilianguka mpaka saba, na ya mutu muzima ni kumi na mbili. Mikono yake baridi, njo vile samaki ya frigo.

Wakamutia dawa ya KUPANDISHA tension, tone kwa tone, na mashine mu mushipa.

Hapo roho yangu ikakataa. Tata ni mutu wa tension ya juu! Miaka yote anakunywaka kinini, kidonge ya kuishusha. Sasa hawa wanapandisha? Wanataka kumupasua kichwa?

Na hapa kwetu, famille njo inaleta ampoule, vichupa vya dawa, toka pharmacie, halafu unachunga zile tupu, maana dawa inaweza kutembea, iibiwe, iuzishwe. Zangu zote nilizitia mu sachet.

Mangaribi tension inapanda, tata anaomba hata bukari, ugali yetu. Asubuhi inaanguka. Siku ya pili, vilevile. Kila mara infirmier, muuguzi wa kujaza seringue, bomba ya sindano ya ile mashine, akishapita.

Siku ya tatu nikamulipukia mbele ya bantu: "Weye infirmier, unatiaka maji mu seringue! Dawa yetu unaipeleka wapi?"

"Mama, hesabu ampoule zako."

Nikahesabu zile tupu za mu sachet, sawasawa na zile nilinunua. Hakuna hata moja ilipotea.

Docteur akauliza: "Kuna mutu anamupa kitu ingine ku kinywa?"

Mama wa kitanda ya pembeni, ule wa mudomo, akasema: "Si huyu mutoto wake! Kila asubuhi anafungua kitambaa, anamupa kinini na uji."

Ndiyo. Kinini yake ya kushusha. Wao wanapandisha, mi nashusha.

Docteur hakupiga kelele. Akanyoosha mukono tu, nikamupa paquet. Wakaongeza dawa ya mashine. Mchana mzima sikujua kama nimeua tata yangu.

Alipona. Sasa anatembea mpaka ku mulango, anarudi.

Infirmier nilimuomba pardon. Lakini hasira haijaisha: juu ya nini siku ya kwanza hakuna mutu aliniuliza nyumbani anakunywaka nini?

Mukiwa na mugonjwa, toeni kila kinini mbele ya docteur. Musingoje kuulizwa.

Tata hajui kinini yangu njo ilikuwa inamuangusha; anaambia wageni kama mi njo nilimuokoa.

Nimuambie kweli ao ninyamaze? Semeni, hata matusi nitasoma.