Siku Bwawa Lilipovimbiwa Mbele ya Mkwe

Siku ile bado naiona, mwanangu, kana kwamba povu lake halijakauka kwenye viatu vyangu. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, dampo la mji likinuka kama kawaida yake, na mwenzangu Jilala alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi. Mtu akija dampo na suruali ya pasi, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa Minza, binti wa Mzee Ng'wandu wa Samuye. Jilala alimtaka, Minza alikubali, washenga wakaenda na kurudi. Kilichobaki ni mzee kuja kuiona kwa macho yake kazi ya huyu anayetaka kuwa mkwe. Na mzee alikuwa na neno na dampo letu. Ng'ombe wake walikunywa kwenye lambo lililo chini ya mteremko. Zamani, kabla hatujajengewa mabwawa ya kusafishia, mvua ilibeba maji yetu mpaka huko, lambo likageuka kijani likanuka. Kwenye mkutano wa kijiji mzee alituita "wale wanaotupikia supu ya takataka". Sasa mpishi mmoja wa supu hiyo alikuwa anamwomba binti.

Ngoja nikueleze kazi yetu, maana bila hiyo hutaelewa ilikuwaje harusi nzima ikategemea bwawa. Taka zikioza na mvua ikapita katikati yake, chini hutoka maji meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Ndani yake kuna amonia, ile harufu ya choo cha shule inayokutoa machozi. Amonia imebeba naitrojeni, na naitrojeni ikizidi kwenye lambo ndiyo inayoleta ule ukijani, tena ina namna yake ya kuua mifugo.

Huwezi kuichuja kwa kitambaa. Kazi hiyo unawaachia bakteria, vijidudu ambavyo jicho halivioni. Kwenye bwawa la kwanza mashine inapuliza hewa, na bakteria wa hapo wanaigeuza amonia kuwa naitreti. Bwawa la pili halipulizwi hewa. Bakteria wake, kwa kukosa hewa, wanapumua kwa kutumia ile naitreti, na naitrojeni inatoka kama viputo, inarudi angani bila kumdhuru mtu. Ila hao wa pili hawafanyi kazi na njaa. Wanataka kitu kitamu, nasi tuliwapa molasi, ule uji mweusi wa miwa ambao wafugaji huchanganya na pumba.

Mhandisi wetu, dada mmoja aitwaye Neema, alituachia kopo la kupimia. "Kopo hili asubuhi, basi," alisema. "Mkiwazidishia, molasi itakayobaki itakuwa uchafu mpya." Akawasha pikipiki yake akarudi ofisini kwake Kambarage.

Shida ni kwamba Jilala alikuwa ametokea machimboni Geita. Huko alijifunza kwamba dhahabu ikigoma kushika, unaongeza zebaki. Mwamba ukigoma, unaongeza baruti. Bosi akigoma, unaongeza sauti. Kwa hiyo jioni ya kuamkia ugeni, alipochovya kikaratasi cha kupimia kwenye bwawa la pili na kukiona bado kina wekundu wa naitreti, aliudhika.

"Mkwe anakuja kesho, na hawa wadudu wanazembea," alisema.

"Neema amesema kopo," nikamwambia.

"Anayeoa ni Neema au mimi?"

Nikamwona anaelekea lilipo pipa la molasi. Nami, mwanangu, nikachukua baiskeli yangu nikaenda nyumbani kula.

Asubuhi bwawa la pili lilikuwa limeota mlima. Povu la rangi ya kahawia lilipanda, likavuka ukingo, likatambaa njiani kama maziwa yaliyochemka wakati mama yuko kwa jirani. Harufu ya dampo tuliizoea, lakini hii ilikuwa mpya: mayai yaliyooza ndani ya pombe iliyochacha. Jilala alikuwa anarudisha povu bwawani kwa koleo, na suruali yake ya pasi. Kila alipochota koleo moja, bwawa lilimrudishia mawili.

Ndipo Mzee Ng'wandu akatokea, fimbo begani.

"Shikamoo, baba," Jilala akasema, koleo mkononi.

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Ni... ni kazi yangu, baba."

Mzee akalitazama bwawa. "Inaumwa?"

Nikageukia ukuta wa kibanda cha mashine ili nisionekane ninavyobana kicheko. Mzee akalizunguka bwawa lote, akachoma povu kwa fimbo, akanusa ncha yake.

"Umelilisha nini?"

"Molasi, baba."

"Kiasi gani?"

Pipa ndilo lililojibu, maana lilikuwa limelala ubavu pale ukingoni, mdomo wazi, kama mtu aliyetolewa kilabuni.

"Bhebhe, wewe! Lote?"

"Nilitaka ukija ukute maji safi."

"Mimi ng'ombe wangu mmoja aliwahi kuvunja ghala akala mtama mpaka akavimba kama ngoma. Tulimzika na tumbo lake. Sasa nikupe Minza, siku akiumwa kichwa umnyweshe duka zima la dawa?"

Hapo kicheko kikanitoka. Mzee akageuka.

"Na wewe unayecheka, ulikuwa wapi pipa likimwagwa?"

"Nilikuwa... nakula, baba."

"Umeshiba?"

Mzee akaweka fimbo begani. "Nitarudi tumbo hili likinywea," akasema, akaondoka bila hata kunywa maji. Ungeona uso wa Jilala, mwanangu, ungemwonea huruma kuliko bwawa.

Neema alipofika hakufoka. Alifunga bomba la kutolea maji, tone lisishuke kwenye lambo, akatukataza kulisha chochote.

"Hakuna dawa ya kuongeza?" Jilala akauliza.

"Ipo. Ongeza umbali kati yako na pipa."

Basi tukangoja. Bakteria walikula ile karamu yao polepole, povu likashuka, harufu ikapungua. Jilala akawa anakaa ukingoni akilitazama bwawa kama mtu anayeuguza. Lilipopona alianza upya na kopo, akilisawazisha kwa kidole. Hatimaye kikaratasi kikatoka cheupe, na Neema akafungua bomba.

Mzee alirudi bila kutangaza. Alitazama maji, akashuka mpaka lambo, akapanda tena akihema. "Limepata adabu," akasema. "Washenga waje."

Siku ya sherehe, wakwe walipokaa kula, niliona sahani zinapita na vipande viwili vya nyama na ugali wa kumshibisha kifaranga. Kumbe bwana harusi alikuwa amesimama kwenye masufuria, amemshika mpakuaji mkono: "Taratibu, mama, taratibu!" Mzee Ng'wandu akainua sahani yake juu watu wote waione.

"Mkwe! Hapa hakuna bwawa. Pakua!"

Mwanangu, siku utakayokabidhiwa kitu chenye uhai, awe ng'ombe, mtoto, mke au hao bakteria, uliza kwanza kinahitaji kiasi gani, ndipo ushike kopo. Haja yako wewe ya kuonekana mbele ya watu isikuchagulie kipimo chake. Na ukimwona mwenzako anaelekea kwenye pipa, mfuate. Chakula cha nyumbani kitakungoja.

Mungu akujalie kazi isiyokuaibisha. Lambo lako lisikauke, mifugo yako inywe na isiugue, na mkwe wako, akija, akukute siku ambayo bwawa limetulia.