Mwethya wa mtu mmoja: superhero alivyofika Kathonzweni

Wakuu, salamu huko mliko. Haya niliyaona mwenyewe, na susu, nyanya yangu, angekuwa hai angenikatiza nikiongeza chumvi.

Miaka ya tisini mwanzoni, gari la sinema lilikuja soko la Kathonzweni. Shuka nyeupe ikafungwa kwenye nguzo mbili. Upepo uliivuta, kwa hivyo jamaa wa kwenye filamu, yule wa kupaa angani, alikuwa na uso unaocheza kama maji.

Kitambaa mgongoni. Mji unazama, yeye anazuia mafuriko kwa mikono.

Mtafsiri akakwama na maikrofoni yake. Superhero kwa Kikamba ni nani? Mwishowe akasema, "Huyu ni mwethya wa mtu mmoja."

Soko lote likacheka. Mwethya ni kikundi cha kina mama cha kulima na kuchimba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Ni kama kusema harusi ya mtu mmoja.

"Na hiyo leso mbona inakaa bure huko nyuma?" susu akauliza. "Si abebee kitu."

Mimi sikucheka. Usiku huo niliota nikipaa.

Mvua za Novemba zikaja na hasira. Asubuhi moja silanga letu, bwawa la udongo la kutuvusha kiangazi, likaanza kuvuja ukutani. Likipasuka, ni kurudi kuchimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, mbali, na ng'ombe kukonda.

Kweli wakuu, nikatazama angani.

Filimbi ya kuita mwethya ikalia. Kina mama wakatokea kwenye ukungu wakiimba, udongo umefungwa ndani ya leso, mgongoni. Wakimwaga na kukimbia kuchota tena, leso tupu zilipepea nyuma yao.

"Wewe unangoja nani?" susu akanipita. "Beba."

Nikabeba. Ukuta ukashika. Tukala isyo, mahindi na maharagwe, sufuria moja, tope mpaka kwenye nyusi.

Tangu hapo nimehama miji mingi, na kila mji una hizo sinema. Nadhani tunazipenda kwa sababu kila mtu ana silanga lake linalovuja, na anaogopa hakuna atakayekuja. Nilichojifunza ni kwamba filimbi lazima mtu aipulize.

Wa Kasikeu na Kiboko mlioliona lile gari, kwenu mtafsiri alimwitaje yule superhero?

Mimi bado huzitazama hizo sinema. Jamaa akishaokoa mji huruka zake, peke yake, bila sufuria ya kula na wenzake, na hapo ndipo huwa nahisi njaa.