Nyumba ilinuka samaki, tukamsingizia papa wa mama mkwe: yaliyotukuta darini hapa Minnesota

Wakuu, nawasalimu wote humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya wa siku nyingi, leo nimejikaza niandike. Hii si chai ya kutunga. Mengi nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyanusa kwa pua yangu. Mtaona kwa nini nasema hivyo.

Kwanza mnijue kidogo. Nimemaliza chuo, nasubiri kuitwa kazini, naishi kwa kaka yangu Salimu huku Columbia Heights. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Nikituma email ya kuomba kazi naisoma tena baada ya kuituma, halafu mchana kutwa najiuliza kama kuandika "Regards" peke yake ni utovu wa adabu.

Sasa, nyumba ya kaka ni ya zamani, na winter yake ya kwanza vyumba vya juu vilikuwa baridi kama friji. Summer ilipofika kaka akamtafuta jamaa wa spray foam, lile povu la kuzuia baridi. Jamaa akapanda darini, akapuliza dawa yake upande wa chini wa paa, ikaumuka kama maandazi, akaondoka.

Haikupita wiki nyumba ikaanza kunuka samaki.

Hapa naomba mnielewe. Mtu ambaye hana samaki ndani, akisikia harufu ya samaki atatafuta inatoka wapi. Sisi watu wa pwani samaki tulikuwa naye! Mama Rukia, yaani mama yake wifi yangu, alikuwa ametoka kutembea Mombasa akarudi na papa mkavu kwenye sanduku, akatugawia. Papa yuko kabatini, nyumba inanuka. Kesi ikaishia hapo.

Wifi Rukia alikuwa mjamzito na harufu ile ilimtapisha. Kaka akamchukua papa mzima mzima, akamtupa kwenye pipa la nje.

Habari zikafika kwa Mama Rukia, mnajua habari za hivi hazina breki. Akapiga simu, nasi tukaiweka speaker tukidhani ni salamu.

"Samaki wangu amepanda ndege mbili asimnukie mtu, aje anuke kwenu nyinyi?"

Akakata.

Gari la taka likaja likamchukua papa. Harufu ikabaki pale pale.

Ukweli tuliujua siku moja ya jua kali, nilipofungua kimlango cha darini nitafute begi. Ile hewa iliyonishukia usoni nusura iniangushe kwenye ngazi. Tukaita mtu wa kukagua, akasema dawa za foam hazikuchanganyika sawasawa, kwa hiyo haikukauka vizuri, na paa likipata joto inanuka. Dawa yake ni moja tu, kuibandua yote.

Wakati huo Rukia ameshahamia kwa mama yake Brooklyn Park, na huko huko akajifungua mtoto wa kike. Ujumbe wake kwa kaka ulikuwa mfupi: arobaini ikiisha atarudi kwake, nyumba ikiwa hainuki na ina joto. La sivyo, yeye na mtoto wako kwa mama hadi spring.

Kaka alikuwa akitoka kazini anapita kumwona mwanawe, halafu anarudi anakaa kwenye gari hapo nje, haingii. Namwona dirishani. Siku moja nilimpelekea chai huko huko kwenye gari, tukakaa tunaangalia mlango wa garage.

Mafundi wakaja na nguo zao nyeupe, wakaibandua foam kipande kwa kipande. Wakatuachia mbao tupu, na majani ya nje yameshaanza kudondoka. Dari halina hata blanketi. Kaka akaniangalia.

"Wewe si msomi? Tazama video, tufanye wenyewe."

Wakuu, kumwambia mtu kama mimi atazame video ni kumpa mgonjwa ugonjwa mwingine. Nilizitazama hadi nikaanza kuota mbao. Nilipanda na tochi nikanusa ubao mmoja baada ya mwingine, nikashuka, nikanywa maji, nikapanda kunusa tena. Nikawaza labda pua yangu imezoea. Nikamwita jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu, aje anuse. Akanusa kwa heshima zote, akasema anasikia harufu ya mbao. Hata hivyo sikulala vizuri.

Kazi yenyewe tulianzia chini kwenda juu. Kila tundu la waya, la bomba na la taa kwenye sakafu ya dari tuliliziba kwa gundi, maana hewa ya moto ya ndani hupandia hapo. Kuna foam ya kopo ya kuzibia matundu, kaka hakutaka hata kuiona dukani.

Ugomvi ulikuja kwenye matundu ya ukingoni mwa paa. Ile foam ilikuwa imeyafunika, sasa yako wazi, mwanga unaonekana na upepo unapita. Kaka akafurahi kama aliyemkamata mwizi.

"Baridi yote inaingilia hapa! Lete mablanketi ya zamani tuzibe."

Mimi ni mwoga wa kubishana, lakini hapo nilikataa. Nilimkumbusha nyumba yetu ya Tanga, zile tofali za matundu juu ya ukuta. Baba alikuwa akisema nyumba isiyopumua huota ukungu. Huku ni vile vile. Joto libaki chini vyumbani, dari lenyewe liwe baridi kama nje na hewa ipite. Ukiziba, unyevu unaganda kwenye mbao, na theluji ya juu inayeyuka na kuganda tena ukingoni.

"Yaani nyumba ipate joto kwa kuacha dari lipigwe baridi?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi ukikosea, wewe ndiye utakayempigia simu Mama Rukia."

Tishio hilo lilinirudisha kwenye video siku mbili zaidi. Mwishowe tukaweka mifereji ya plastiki kila ukingo ili matundu yasifukiwe.

Siku ya kupuliza tulikodi mashine. Unatia magazeti ya zamani yaliyosagwa, ndiyo blanketi la dari, mpira mrefu unayapeleka juu. Lazima mmoja alishe mashine nje, mwingine ashike mpira darini. Kaka akaitwa kazini ghafla. Nikiwa nimesimama pale nataka kulia, gari likaingia. Mama Rukia, na buibui lake na gloves.

"Nimekuja kuangalia kama mtamsingizia samaki wangu tena. Panda juu wewe, mimi nalisha hili lidude."

Mashine ile ina kelele, huwezi kusikia mtu. Tukakubaliana kwamba marobota ya magazeti yakikaribia kwisha atapiga vigelegele. Na alivipiga! Vilipenya mashine, paa na masikio yangu yote. Mara ya tatu yule jirani akatoka na keki kwenye sahani, akauliza nani anaolewa. Mama Rukia akapokea keki.

Tulipomaliza, magazeti yalikuwa yamefika magotini darini kote. Mama akapanda ngazi, akachungulia, akanusa taratibu, pua yake ya Mombasa hiyo. Akatoa simu.

"Rukia, funga mizigo."

Walirudi hata kabla arobaini haijaisha. Theluji ya kwanza ilipoanguka nilitoka na ndala kuangalia paa. Nyumba inayovuja joto huyeyusha theluji, paa linabaki na kipara. Letu lilikuwa jeupe zima. Nikasimama naliangalia, hadi Rukia akagonga dirisha, mtoto begani.

"Wifi, unatafuta mwezi? Ingia ndani!"

Siku ya arobaini Mama Rukia alikuja na papa mwingine, akampika kwa nazi jikoni kwetu. Nyumba nzima ilinuka samaki hadi juu chumbani kwa mtoto, na hakuna aliyefungua dirisha. Kaka alikula akamaliza, akasukuma sahani mbele kuomba tena.

"Kumbe si yeye aliyekuwa akinuka," Mama akasema, akampakulia.

Funzo, wakuu: kabla hujafukuza kitu cha mtu kabatini, panda kwanza uangalie darini. Na matundu ya paa msiyazibe, jamani.

Bado nawaza kama ile mifereji niliipigilia sawasawa. Wenye nyumba za zamani huku kwenye baridi, njooni mniambie zenu zinakaaje. Na wewe uliyewahi kumsingizia samaki, usijifiche, karibu.